Mlango wa Nyuma wa Duka: Mwanamke wa Kihindi katika Riwaya za Pwani ya Afrika Mashariki

Fasihi ya kubuni ya Bara Hindi, yaani India, Pakistan, Bangladesh na majirani zao, imemshughulikia mwanamke anayekataa nafasi aliyopangiwa na wanaume kwa muda unaozidi karne moja, na wachambuzi wa fasihi hiyo wamemfuata mwanamke huyo katika miji ya Kolkata, Lahore na Delhi, kisha wakavuka naye bahari hadi London na Toronto. Njia nyingine, iliyo kongwe kuliko ile ya kwenda Ulaya, imepitwa kwa haraka mno: ni njia ya majahazi ya kaskazi, iliyowaleta watu wa Kutch na Gujarat, na baadaye wa Punjab, hadi Unguja, Bagamoyo, Pangani na Mombasa, ikawafanya wenyeji wa pwani hii, na mwishowe ikayaingiza maisha ya wake na binti zao katika riwaya zilizoandikwa na watu wa Afrika Mashariki kwa Kiswahili na kwa Kiingereza. Uchambuzi huu unauliza riwaya hizo zinamwonyesha vipi mwanamke huyo katika mapambano yake, na hoja yake ni kwamba mlango aliofungiwa hufunguliwa na mwanamke mwenziwe, mara nyingi Mwafrika wa hali ya chini, ilhali masimulizi huipa sifa ya ukombozi mapenzi ya mwanamume, na yule aliyefungua mlango huachwa nyuma.

Istilahi zinazotumika zinahitaji kufafanuliwa. Mfumo dume ni mpangilio wa jamii ambamo mamlaka juu ya mali, ndoa, watoto na mwendo wa mwanamke, yaani anakoruhusiwa kwenda na saa anayoruhusiwa kutoka, yamo mikononi mwa baba, kaka, mjomba au mume, na ambamo mamlaka hayo huhesabiwa kuwa ni maumbile wala si desturi iliyotungwa na watu. Majukumu ya kijinsia ni zile kazi na tabia ambazo jamii humgawia mtu kwa sababu ya jinsi yake: jinsi ni ya mwili aliozaliwa nao, jinsia ni ya mafunzo aliyopewa. Msomi Mturuki Deniz Kandiyoti, katika makala mashuhuri ya mwaka 1988, alionyesha kwamba mfumo dume hauna sura moja, na kwamba wanawake hufanya nao mapatano yanayotofautiana kutoka nchi hadi nchi. Katika Asia ya Kusini, bibi arusi huingia nyumba ya baba mkwe akiwa hana kauli, huwatumikia wanaume na mama mkwe, na huvumilia kwa kutumaini kwamba siku moja naye atakuwa mama mkwe na kutawala wake za wanawe. Kwa hiyo mfumo unaomwonea akiwa kijana ndio utakaomlipa uzeeni. Katika sehemu nyingi za Afrika kusini mwa Sahara, ambako mke ana shamba lake, biashara yake ndogo na chungu chake, mapatano hayo ni mepesi kuvunjika, na mwanamke hupinga waziwazi kila anapoona jasho lake linachukuliwa. Kandiyoti hakuandika kuhusu Mrima, yaani pwani ya bara inayokabili Unguja, lakini Bagamoyo ni mahali ambapo mapatano hayo mawili yaliishi katika mtaa mmoja, yakitenganishwa na ukuta wa mawe na chokaa.

Huko Bara Hindi kwenyewe, mapambano yalianzia kwenye herufi. Rassundari Devi, mke wa mwenye ardhi huko Bengal, alijifunza kusoma kwa siri akiwa jikoni, kwa kuficha ukurasa wa kitabu kitakatifu na kuulinganisha na maandishi ya mwanawe, na mnamo 1876 akachapisha kisa cha maisha yake mwenyewe. Rokeya Sakhawat Hossain, Mwislamu wa Bengal ileile, alichapisha mwaka 1905 hadithi fupi ya Ndoto ya Sultana, ambamo wanaume ndio wanaotawishwa ndani na wanawake wanaendesha nchi kwa elimu ya sayansi na nguvu ya jua. Hadithi hiyo inaiumbua zenana, yaani ile sehemu ya ndani ya nyumba walimowekwa wanawake mbali na macho ya wageni, kwa njia rahisi kabisa: inamweka mwanamume mahali pale pale na kumwacha msomaji aone kama kweli ni mahali pa heshima. Mwaka 1914 Rabindranath Tagore alitunga Streer Patra, barua ya mke aitwaye Mrinal anayemwandikia mumewe kumweleza kwamba hatarudi nyumbani. Kinachostahili kuangaliwa katika kisa hicho ni sababu ya kuondoka kwake. Mrinal hakumkimbilia mwanamume mwingine. Alizinduliwa na mateso ya Bindu, msichana yatima aliyekuja kujihifadhi katika nyumba ile, akaozwa kwa nguvu kwa mtu mwenye wazimu, na mwishowe akajiua kwa moto. Mwanamke mmoja anaokoka kwa sababu ya mwanamke mwingine ambaye hakuokoka, na mpango huo wa kisa, pamoja na deni linalobaki ndani yake, ndio utakaoonekana tena ng'ambo ya bahari.

Bagamoyo ilikuwa na maandishi yake kuhusu majukumu ya kijinsia kabla ya riwaya yoyote. Mtoro bin Mwinyi Bakari, mwalimu wa chuo cha Kurani mjini humo aliyekwenda Berlin mwaka 1900 kufundisha Kiswahili, ndiye mwandishi mkuu wa kitabu cha desturi za Waswahili kilichotolewa na Mjerumani Carl Velten mwaka 1903. Humo zimeelezwa uzazi, malezi, kuvunja ungo, ndoa, talaka na utumwa kwa Kiswahili cha Mrima kilicho safi na chenye kina, na humo anaonekana kungwi, yule mwanamke mzima anayemfunda mwari, yaani msichana aliyebaleghe, katika unyago. Mtoro anaeleza bila kushitaki. Hata hivyo maelezo yake yanafaa sana kwa anayechunguza mfumo dume, kwa kuwa yanaonyesha kwamba mafunzo ya utii kwa mume yalitolewa na wanawake, kwa nyimbo na ngoma za wanawake, mahali wasipokanyaga wanaume, na kwamba humo humo mwari alifundishwa pia kwamba ana somo, yaani kungwi wake, wa kumkimbilia, kwamba ana haki mwilini mwake, na kwamba mume asiyetimiza wajibu wake anaweza kuaibishwa. Wazaramo na Wakwere wa nyuma ya mji walikuwa na sanamu ya mti iitwayo mwana hiti, iliyohusiana na uzazi na mafunzo ya mwari, na hadi leo taasisi ya sanaa ya mji huo, iliyoanza kama Chuo cha Sanaa mwaka 1981, inafundisha ngoma ambazo asili yake ni katika shughuli za namna hiyo. Unyago ulikuwa chombo cha mfumo dume, na papo hapo ulikuwa chama cha wanawake. Anayeutazama kwa upande mmoja tu hataelewa ni kwa nini mwanamke Mswahili katika riwaya za baadaye ana ujasiri ambao jirani yake wa Kihindi anapaswa kuuazima.

Jirani huyo hakuandikwa. Historia ya Wahindi wa Bagamoyo inamtaja Sewa Haji Paroo, aliyezaliwa 1851 na kufa 1897, tajiri aliyeziandalia misafara wapagazi na bidhaa, na ambaye jina lake linasikika hadi leo katika wodi za Muhimbili kwa sababu ya hospitali aliyoitolea fedha Dar es Salaam. Inataja jamatikhana ya Waismaili, msikiti wa Ithnaasheri, pembe, sandarusi na hundi. Majengo yenyewe yanasema kidogo kuhusu wanawake: nyumba za mtaa wa Wahindi zilijengwa duka likiwa mbele, barazani na barabarani, na makazi yakiwa nyuma au ghorofani, hivi kwamba mke wa mwenye duka aliweza kusikia bei za kila kitu kilichouzwa pasipo kuonekana na aliyenunua. Wafanyabiashara wa Kihindu wa mwanzo walikuja bila wake zao, kwa kuwa kuvuka bahari kulikatazwa na mila; Waismaili wa Kikhoja walihamia na familia mapema zaidi. Kati ya mwanamume aliyekuja peke yake na mke aliyechelewa kufika kulikuwa na mtu wa tatu, mwanamke wa pwani, mara nyingi mtumwa au suria, na ni kutoka katika nafasi yake kwamba riwaya ya kwanza kubwa ya Waasia wa Tanzania inaanza.

Riwaya hiyo ni The Gunny Sack ya M. G. Vassanji, iliyotoka mwaka 1989, na kisa chake kinaanzia Matamu, mji wa kubuni wa pwani ambamo Dhanji Govindji, kijana aliyewasili kutoka Gujarat, anapewa mwanamke mtumwa aitwaye Bibi Taratibu. Anazaa naye mtoto wa kiume, Huseni, kisha jumuiya yake inamtaka awe na mke wa kabila lake, naye anamwoa Fatima wa Unguja. Bibi Taratibu anaondolewa nyumbani. Mwaka 1860 Balozi wa Uingereza Unguja, Christopher Rigby, alikuwa amewalazimisha Wahindi waliohesabiwa kuwa raia wa himaya hiyo kuwaacha huru watumwa wao, na katika vitabu vya historia tukio hilo huhesabiwa kuwa ni tendo la huruma. Vassanji anaufanya uhuru wa aina hiyo uonekane kwa macho ya mwanamke ambaye hakuwa na hati ya ndoa wala hati ya utumwa, na ambaye kwa hiyo aliweza kufukuzwa bila talaka. Hapa mfumo dume wa Bara Hindi hautoshi kuelezea dhuluma, kwa sababu Fatima, mke halali, yu juu ya Bibi Taratibu kwa rangi na kwa sheria, hata kama wote wawili wako chini ya mwanamume mmoja. Katika ukoo mzima mwanamume anayemtafuta Huseni aliyepotea ndiye anayepewa kurasa za majuto. Mama aliyempoteza hapewi.

Vassanji mwenyewe anaonekana kulijua deni hilo, maana gunia lenye kumbukumbu za ukoo linatunzwa na kurithishwa na mwanamke mzee, Ji Bai, na gunia lenyewe limepewa jina la kike la msimulizi wa usiku, Shehrbanoo. Katika The Book of Secrets, riwaya yake ya mwaka 1994 iliyopata tuzo ya kwanza ya Giller nchini Kanada, anakwenda mbali zaidi. Mariamu, binti wa nyumba ya mukhi, yaani kiongozi wa jamatikhana, katika kijiji kilicho mpakani mwa Kenya na Tanganyika, anaolewa na Pipa, anazaa mtoto ambaye baba yake anatiliwa shaka, na anauawa wakati wa Vita ya Kwanza ya Dunia. Katika vitu vyake panapatikana shajara ya ofisa Mwingereza. Tangu hapo wanaume watatu, mwandishi wa shajara, mume na mwalimu wa historia anayeigundua mwaka 1988, wanaisoma au kuificha au kuiabudu shajara hiyo wakitafuta ukweli kuhusu mwili wa Mariamu, na hakuna anayeupata. Wapo wasomaji waliouona ukimya huo kuwa ni upungufu. Ni afadhali kuuona kuwa ndio uchambuzi mkali zaidi wa mfumo dume katika kazi zote za Vassanji: jamii inayomtaka mwanamke athibitishe usafi wake bila kumpa nafasi ya kusema itabaki na shajara ya mtu mwingine milele.

Abdulrazak Gurnah anaifikia nyumba hiyo hiyo kwa mlango wa deni. Katika Desertion, ya mwaka 2005, Rehana ni binti wa mfanyabiashara wa Kihindi na mwanamke wa Mombasa, ameachwa na mume aliyesafiri kurudi India asirejee, na anaishi nyuma ya duka la kaka yake Hassanali, wala si mjane, wala si mtalaka, wala si mke. Hali hiyo ya kuning'inia, inayojulikana sana na wanawake wa pwani ambao waume zao wamesafiri, inaelezwa na Gurnah kwa utulivu unaouma. Rehana anapompenda Mwingereza Martin Pearce, wasomaji hutazama zaidi mvuko wa rangi. Lakini uasi wake ulianza kabla ya hapo, siku alipowakataa wachumba waliotafutwa na kaka yake ili aibu ya nyumba ifunikwe. Adhabu ya uasi huo inalipwa na mjukuu wake, Jamila, ambaye miaka ya 1950 huko Unguja anakataliwa na familia ya kijana ampendaye kwa sababu ya nyanya ambaye wao hawakumwona. Msimulizi, Rashid, anakiri kwamba sehemu ya kisa cha Rehana ameibuni kwa kuwa hakuna aliyekihifadhi, na kukiri huko ni uaminifu ambao waandishi wengi wanaume hawakuwa nao.

Katika Paradise, iliyotoka mwaka 1994, deni linakuwa wazi zaidi: Amina na kaka yake wa kulea, Khalil, ni rehani, yaani watu waliotolewa kuwa dhamana ya fedha ambazo baba alishindwa kuzilipa, na wakati Khalil anawekwa dukani, Amina anaolewa na mdai. Mwanamume aliyewekwa rehani anaweza kuota siku ya kuondoka. Mwanamke aliyewekwa rehani na kuolewa amegeuzwa kuwa familia, na deni lake halina mwisho kwa kuwa limeitwa ndoa. Biashara hii ndiyo ile ya misafara iliyoijenga Bagamoyo, na Gurnah anaionyesha kwa upande ambao daftari za Sewa Haji na wenziwe zisingeweza kuuonyesha.

Kazi inayostahili kukaliwa kwa muda mrefu kuliko zote hizi, hata hivyo, ni ya Kiswahili. Vuta N'kuvute ya Adam Shafi, iliyochapishwa na Mkuki na Nyota mwaka 1999, inamweka mwanamke wa Kihindi katikati ya riwaya kwa lugha inayosomwa na jirani zake. Yasmin ni msichana wa miaka 15 katika Unguja ya kikoloni, anayeozwa kwa Bwana Raza, mfanyabiashara aliyempita umri kwa miongo kadhaa, na kupelekwa Mombasa. Anamkimbia. Anaporudi Unguja, watu wake wanamfungia mlango, kwa sababu kwao mke aliyemwacha mume ameichafua nyumba ya wazazi, na hapo ndipo anapopokelewa na Mwajuma, mwanamke Mswahili asiye na mali, mpenda taarabu, mwenye chumba kimoja na ulimi usioogopa. Kwa njia ya Mwajuma, Yasmin anaingia katika taarabu, anaujua mji ambao alizaliwa ndani yake bila kuuona, na anakutana na Denge, kijana aliyesoma Urusi anayesambaza maandishi ya kuupinga ukoloni huku akiandamwa na Inspekta Wright na Koplo Matata.

Uhakiki wa riwaya hii mashuleni umezoea kuipanga katika dhamira mbili, mapenzi ya Yasmin na Denge kwa upande mmoja na ukombozi wa nchi kwa upande wa pili, na kumtaja Mwajuma kama rafiki mwema. Mpango huo unaficha kiini. Siku Denge anapotokea, Yasmin amekwisha kufanya yale magumu: amemwacha mume, amevuka bahari, amekataliwa na mama, amekubali kula na kulala katika nyumba ambayo watu wa rangi yake wanaidharau. Denge anampa siasa na mapenzi, kisha anakamatwa, na mwishowe anaikimbia nchi, kama wanavyofanya wanaume wengi wa riwaya za ukombozi ambao historia inawaita kwingine. Mwajuma hafanyi lolote kati ya hayo. Yeye ni somo kwa maana ya zamani ya neno hilo, mwanamke anayemwingiza mwingine katika utu uzima. Na tofauti kati yake na kungwi wa Mtoro ni kwamba mafunzo yake hayamwandai mwari kwa mume bali yanamwandaa kuishi baada ya mume. Adam Shafi ameuchukua unyago wa pwani, akauondolea utii, akamkaribisha ndani yake msichana wa Kihindi. Katika fasihi ya Kiswahili ya karne ya 20 ni nadra kupata wazo la kijasiri kuliko hilo, na linaumiza moyo kuona linavyopitwa na watahiniwa na walimu wao wakimkimbilia Denge.

Taarabu si pambo katika kisa hicho. Siti binti Saad, mzaliwa wa Fumba aliyeingia mjini akiuza vyungu, alisafiri mwaka 1928 hadi Bombay kurekodi santuri, na hivyo sauti ya kwanza ya mwanamke wa Afrika Mashariki kuhifadhiwa katika santuri ilihifadhiwa kwenye ardhi ya India kabla ya kurudi kusikika katika mabaraza ya pwani. Shaaban Robert aliona maisha hayo yanastahili kitabu, akayaandika. Mwajuma ni mjukuu wa kisanaa wa Siti, na Yasmin anapoingia katika duru yake, safari ya Bombay inakamilika kwa upande wa pili: mwanamke wa Kiswahili alikwenda India ili asikike, na binti wa Kihindi anakwenda kwa Waswahili ili apate sauti.

Msomaji wa mwaka 1999 hakuisoma riwaya hii akiwa na akili tupu. Mnamo Septemba 1970 wasichana wanne wenye asili ya Kiajemi waliozwa kwa nguvu Unguja kwa wanaume wenye vyeo serikalini, na kitendo hicho kilitetewa kwa lugha ya kuvunja ubaguzi wa rangi. Riwaya inaiweka hadithi yake kabla ya Mapinduzi ya Zanzibar, lakini swali inalouliza linafika hadi 1970 na kuendelea: ndoa ya mchanganyiko ina thamani gani iwapo mwanamke hakuulizwa? Yasmin anavuka mstari wa rangi kwa hiari, na anapoolewa tena, na Bukheti, kijana aliyemjua tangu Mombasa, anaolewa kwa kuchagua. Kwa kuusisitiza uchaguzi huo, Adam Shafi anawakatalia wazazi wa Yasmin walioitetea rangi kwa mwili wa binti yao, na papo hapo anawakatalia wale walioitetea siasa kwa miili ya binti za wengine. Umri wa Yasmin nao una uzito wake, kwani Sheria ya Ndoa ya Tanzania Bara ya mwaka 1971 iliruhusu msichana kuolewa akiwa na miaka 15 kwa idhini ya mzazi, hadi Mahakama Kuu ilipotamka mwaka 2016, katika shauri lililofunguliwa na Rebeca Gyumi, kwamba vifungu hivyo vinakiuka Katiba, na Mahakama ya Rufani ikakubaliana nayo mwaka 2019. Huko India pia fasihi na mahakama ziliwahi kukutana kwa karibu: Mary Roy alishinda mwaka 1986 shauri la urithi wa wanawake Wakristo wa Kisiria wa Kerala, na mwaka 1997 binti yake, Arundhati Roy, alichapisha The God of Small Things, ambamo Ammu, mtalaka aliyerudi kwa wazazi, anaishi katika nyumba asiyo na haki ya kuirithi.

Isidhaniwe kwamba udugu wa wanawake unajitokeza wenyewe. Mama wa Yasmin ni mwanamke. Katika Afterlives ya Gurnah, ya mwaka 2020, Afiya anavunjwa mkono na mlezi wake wa kiume kwa kosa la kujua kuandika, lakini baadaye, katika nyumba inayompa hifadhi, anabanwa na Bi Asha, mwenye nyumba mcha Mungu anayeulinda utaratibu wa wanaume kwa bidii kuliko mumewe. Kandiyoti angesema kwamba Bi Asha analinda mapatano yake, kwa maana amekwisha kulipa gharama yote na hataki kuona bei ikishushwa kwa wengine. Mkono wa Afiya unakumbusha jiko la Rassundari, na pia unamkumbusha Sayyida Salme wa Unguja, aliyejifunza kuandika kwa siri katika kasri ya baba yake kwa kunakili maneno ya Kurani kwenye mfupa wa bega la ngamia, akakimbilia Ulaya, na mwaka 1886 akachapisha kumbukumbu zake kwa Kijerumani. Kalamu inaogopwa katika nyumba hizi zote tatu kwa sababu moja, kwamba mwanamke anayeandika anaweza kutoka nje bila kuvuka kizingiti. Penina Muhando, katika tamthilia yake ya Nguzo Mama ya mwaka 1982, aliuweka mgawanyiko wa wanawake jukwaani: wanawake wa kijiji cha Patata wanashindwa kuisimamisha nguzo kwa kuwa kila mmoja anavutwa pembeni na shida yake. Tamthilia hiyo ni ya Waafrika, lakini mtu anayeisoma pamoja na Vuta N'kuvute ataona kwamba Mwajuma na Yasmin wanafanikiwa pale Patata iliposhindwa, na kwamba wanafanikiwa kwa sababu wote wawili hawana cha kupoteza.

Linabaki suala la nani anaandika. Vassanji, Gurnah na Adam Shafi ni wanaume, na huruma yao, iliyo ya kweli, ina mipaka inayoonekana: mwanamke Mwafrika anayefungua mlango huingia katika kisa akiwa mtu mzima aliyekamilika, hana utoto, hana ndoto ya peke yake, na kazi yake ikiisha kisa kinaendelea bila yeye. Wanawake wenye asili ya Kihindi walioandika kutoka ukanda huu ni wachache. Sophia Mustafa, aliyechaguliwa kuingia Baraza la Kutunga Sheria la Tanganyika mwaka 1958 na aliyeandika kuhusu uhuru wa nchi hii, alisubiri hadi uzeeni, akiwa Kanada, ndipo akatoa riwaya yake In the Shadow of Kirinyaga mwaka 2002. Shailja Patel wa Kenya, katika kitabu chake Migritude cha mwaka 2010, ambacho ni ushairi wa jukwaani zaidi kuliko riwaya, aliyafungua masanduku ya sari alizopewa na mama yake na kuuliza zimebeba nini. Wote wawili waliandika kwa Kiingereza. Utaifishaji wa majumba Tanzania mwaka 1971 na uhamaji uliofuata uliwapeleka waandishi na wasomaji wao mbali na mitaa waliyoiandika, na matokeo yake mwanamke wa Bagamoyo anayeishi leo katika nyumba iliyokuwa duka la Kihindi hana njia rahisi ya kusoma kilichoandikwa kuhusu waliokaa humo kabla yake.

Mambo mawili ya miaka ya karibuni yamepunguza umbali huo. Mwaka 2021 filamu ya Amil Shivji iliyotokana na Vuta N'kuvute ilionyeshwa katika tamasha la Toronto, ikiwa kwa Kiswahili, na Yasmin akaonekana kwa watu ambao wasingefungua riwaya. Mwaka uliofuata Mkuki na Nyota ikatoa Peponi, tafsiri ya Paradise iliyofanywa na Ida Hadjivayanis, mwanamke mwenye asili ya Unguja. Katika riwaya hiyo, bibi wa nyumba anazungumza Kiarabu, na kijana Yusuf, mhusika mkuu, haelewi, basi Amina, yule mke wa rehani, ndiye anayefanywa mkalimani, akiyahamisha maneno ya mwingine kutoka lugha moja hadi nyingine huku yake mwenyewe yakingoja zamu. Kwa miaka 28 maneno hayo yalikuwa kwa Kiingereza, lugha ambayo hakuna aliyeisema katika ua ule. Sasa Amina anapomgeukia Yusuf na kumweleza jinsi alivyotolewa kulipia deni, anasema kwa Kiswahili.